Shitaka la Pikipiki Isiyokimbia

Katika umri wangu wote wa ufundi, ambao nusu yake niliumaliza Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, na nusu ya pili Nakuru, shitaka nililoletewa kuliko mengine yote ni kwamba pikipiki haikimbii. Na mwenye shitaka aghalabu alikuwa amekwisha kuhukumu, kabla hajateremka kitini, kwamba injini imechoka na pistoni ni ya kubadilishwa. Mimi nilizoea kumtazama yeye kwanza, ndipo niitazame injini.

Nyingi zilikuwa Honda CG125, zilizoanza kuundwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, zenye nguvu za farasi kama 11. Na mwendo ukishakuwa mkubwa, sehemu kubwa ya nguvu hizo huliwa na hewa. Hisabu yake haina huruma: mwendo ukizidi maradufu, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu za kuushinda mara nane. Anayetoka kilomita 90 kwa saa akitaka 100 huhitaji nyongeza ipitayo theluthi ya nguvu alizonazo, ilhali silinda ndogo kama ile haina pa kuzitoa. Ndiyo sababu kijana mwembamba aliyelalia tangi, viwiko amevikusanya, humpita mzee ambaye kanzu yake imetuna kama tanga, ingawa pikipiki zao ni za namna moja.

Nilipohamia Nakuru, mji ulio juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,850, shitaka lilikuwa lile lile lakini sababu nyingine. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini hupungukiwa na nguvu kwa kadiri ya sudusi moja. Lakini insafu yataka isemwe kwamba hewa hiyo hiyo humpisha mpandaji kwa wepesi zaidi, hata katika barabara tambarare hasara ya mwendo ikawa ndogo kuliko hasara ya nguvu. Ubaya ulikuwa katika kabureta: pikipiki iliyopanda kutoka pwani ilikuja na jeti ya pwani, ikapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyokuwapo, hasa chujio likiwa limejaa vumbi. Nilipofungua plagi nikaiona nyeusi tititi, yenye masizi makavu yanayobaki kidoleni, sikuhitaji ushahidi mwingine. Jeti ya namba ndogo ikairudisha plagi kwenye rangi ya kahawia, na mwenyewe akanishukuru shingo upande, maana fedha za pistoni alikwisha kuzikopa.

Wasiosikia kabisa walikuwa wapenzi wa sproketi. Hupunguza meno ya nyuma wakitumaini mwendo, kumbe injini ndogo hutoa nguvu zake ikizunguka kwa kasi. Wakiikalisha chini ya kasi hiyo, gia ya mwisho huenda polepole kuliko ile iliyo kabla yake. Breki inayoshika, cheni kavu na tairi lisilo na upepo wa kutosha hayo hata mtoto wa karakana huyajua.

Spidomita nayo si shahidi mwadilifu, kwa kuwa nyingi husoma zaidi ya kweli. Walipokuja vijana wawili wakibishana, kila mmoja akitaja namba aliyoiona, niliwauliza kwanza wamepita barabara gani. Wakasema wametoka Njoro kuja mjini, nayo ni njia iteremkayo.