Ushahidi wa Pumzi

Pumzi ya mtu ni shahidi wa ajabu, maana mara nyingine humshuhudia mwenyewe kwa jambo asilolitenda. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, alibuni chombo cha kupima kileo katika pumzi, na polisi wa nchi nyingi wakavitegemea vyombo vya namna hiyo. Msingi wake ni wa kweli: kileo kilichonywewa huingia damuni, damu hukifikisha mapafuni, na pumzi hutoka na sehemu yake ndogo. Lakini chombo hakiwezi daima kupambanua kileo cha mapafuni na kile kilichobaki ulimini tu.

Nilipokuwa karani katika kampuni moja ya malori mjini Mombasa, madereva walipuliza chombo hicho langoni kila alfajiri. Siku moja mzee mmoja, mtu wa swala tano ambaye hakupata kuonja pombe maishani mwake, alipuliza, chombo kikalia. Vijana wakacheka. Msimamizi akadai funguo, akataja barua ya kufukuzwa kazi. Mzee hakujibu neno. Aliinamisha uso mbele ya watu waliomwamkia kila siku kwa heshima.

"Mzee, umetia nini kinywani?" nikamwuliza.

Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kusukutua, kwa ajili ya jino lililomnyima usingizi. Kibandiko kilisema: kileo, sehemu 21 katika 100.

Nikamtaka msimamizi angoje dakika 15. Sikuomba fadhila, kungoja hivyo ni kanuni ya upimaji, kwa kuwa kileo cha kinywani hutoweka upesi, na cha damuni huchukua saa nyingi. Mzee akapuliza tena. Sifuri.

Dawa kadhaa za kikohozi zina kileo vilevile, na hata mkate wa hamira uliotafunwa punde huweza kuacha dalili hafifu. Mtihani wa mkojo unaotafuta mabaki ya kileo ni mkali zaidi: waweza kumnasa hata muuguzi atakasaye mikono kwa spiriti mchana kutwa. Mwaka 2006 idara ya serikali ya Marekani, SAMHSA, ilionya kwamba mtihani huo peke yake haufai kumwadhibu mtu.

Msimamizi wetu alichelea hila za walevi, nao kweli hupenda kuisingizia dawa. Basi na wangojeshwe dakika zile zile 15, kisha wapulize.