Mia na Themanini na Moja, na Moja

Dan Gable, mwanamieleka wa jimbo la Iowa nchini Marekani, alishinda mapambano 181 mfululizo, tangu sekondari hadi Chuo Kikuu cha Iowa State. Pambano lililofuata, fainali ya vyuo ya mwaka 1970, Larry Owings alimshinda kwa alama 13 kwa 11. Ajabu ya hesabu za binadamu: zile mia na themanini na moja zikawa utangulizi tu, na ile moja ikawa ndiyo habari yenyewe.

Wala si mkekani alikoanza kuonja msiba. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 15, dada yake Diane aliuawa nyumbani kwao, mjini Waterloo. Wazee walitaka kuihama nyumba ile. Kijana akahamia chumba cha marehemu, na familia ikabaki. Mtu aliyeweza kulala chumba kama hicho, mkeka ungemtisha kwa lipi? Hata hivyo, Owings alimliza mbele ya halaiki.

Alirudi mazoezini. Munich, mwaka 1972, alitwaa dhahabu ya Olimpiki bila ya mpinzani yeyote kumpata hata kwa alama moja.

Kisha akawa kocha, tena wa Chuo Kikuu cha Iowa, watani wa jadi wa chuo kilichomlea. Hadi alipostaafu mwaka 1997, vijana wake walikuwa wametwaa ubingwa wa taifa mara 15, tisa kati ya hizo mfululizo. Mwaka 1987 waliutafuta wa kumi, wakaukosa. Waliowanyang'anya walikuwa Iowa State.