Nani Ajuaye Mvua Zaidi: Mzee au Kompyuta?

Hapa shuleni kwetu Gitega kuna ubishi usiokwisha. Wengine husema kwamba siku hizi kompyuta inajua kila kitu, na mzee wa kijijini hana la kutufundisha juu ya mvua. Wengine hujibu kwamba mashine haijapata kushika jembe. Mimi nimesimama katikati. Makao ya IGEBU, idara ya serikali inayopima hali ya hewa ya Burundi, yamo katika mji huu huu wa Gitega; na babu yangu ni mkulima wa Muyinga, ambaye tangu ujana wake hupanda kwa dalili anazozisoma mwenyewe.

Jambo hili si mchezo. Ukame wa miaka ya 2004 na 2005 uliwaletea watu wa Muyinga na Kirundo njaa. Mvua za kwanza zinaweza kudanganya: hunyesha siku tatu, maharage yakachipua, kisha jua likarudi na kuyaunguza. Aliyekwisha panda mbegu zote hana za kurudia.

Tutazame kwanza kazi ya mzee. Babu hutazama upepo unatoka wapi, ndege, kumbikumbi, na joto la usiku. Kisha husema, "Mvua imefika," au, "Bado." Hasemi ana hakika kiasi gani. Tena sisi tunaomsikiliza tuna tabia yetu: mwaka aliopatia twausimulia miaka kumi, na mwaka aliokosea twausahau kabla ya mavuno. Hiyo ni tabia ya binadamu wote.

Kompyuta hufuata njia nyingine. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, chenye makao Reading, Uingereza, hakipigi hesabu mara moja tu. Kwa kuwa hakuna aijuaye hali ya hewa ya leo kwa ukamilifu, hesabu hupigwa mara 51, kila mara kwa kuanzia mahali palipo tofauti kidogo. Hesabu 34 kati ya hizo 51 zikionyesha mvua, ni kama kusema kwamba uwezekano wake ni theluthi mbili hivi.

Je, tutawapimaje wawili hawa? Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, Glenn Brier, alitoa njia iliyo rahisi. Andika uwezekano ulioutaja, kutoka 0 mpaka 1. Mvua ikinyesha andika 1, isiponyesha andika 0. Tafuta tofauti ya namba hizo mbili, kisha uizidishe kwa yenyewe. Aliyesema 0.7 na mvua ikanyesha hupata 0.09. Asiyejua kitu, akasema 0.5 kila siku, hupata 0.25 daima. Lakini aliyesema 1, yaani "hakika," na mvua isinyeshe, hupata 1 nzima. Mwenye wastani mdogo ndiye bora. Basi tazameni: "hakika" moja iliyokosa ni sawa na siku nne za yule asiyejua kitu!

Mwaka 1954 Paul Meehl, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alikusanya uchunguzi kama 20 uliolinganisha maamuzi ya wataalamu na hesabu tupu. Karibu katika wote, hesabu zilikuwa sawa na wataalamu au ziliwashinda. Si kwamba hesabu zina akili. Ila dalili iliyopewa uzito fulani leo hupewa uzito ule ule kesho; hesabu hazichoki, wala hazina hofu au tamaa.

Basi tuwaache wazee? La, hasha. Kwanza, hata baada ya matengenezo ya mwaka 2023, kompyuta za kituo hicho cha Ulaya huigawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo hufunika vilima na mabonde mengi ya Muyinga, na yote hupewa jibu moja. Babu ajua shamba lipi hushika maji na lipi hukauka upesi.

Pili, kompyuta haina mbegu. Likizo iliyopita nilimsomea Babu utabiri. Nikamwambia, "Babu, wanasema uwezekano wa mvua ni 60 katika 100."

Akaniuliza, "Na ile 40 ikija, mjukuu wangu, nani atanirudishia mbegu zangu?"

Nikanyamaza. Naye akafikiri kidogo, akazigawa mbegu: za shamba la bondeni lenye unyevu akazipanda, za mlimani akaziacha ndani. Uamuzi huo hakuambiwa na mashine yoyote. Lakini kama asingesikia ile 60 na ile 40, nadhani asingezigawa.

Wako waliokwisha ifuata njia hii. Huko Bunyore, magharibi ya Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa kutabiri mvua, walianza mwaka 2008 kuketi na wataalamu wa hali ya hewa. Kila upande ulileta utabiri wake, wakapatana neno moja la kuwaambia wakulima.

Kwa hiyo naona ubishi wetu umekosa njia. Tusiulize nani ana akili zaidi. Tuulize nani huandika alipopatia na alipokosea. Ninyi wenzangu, mwendapo likizo chukueni daftari. Msimwulize mzee, "Je, itanyesha?" bali mwulizeni, "Katika siku kumi kama hii ya leo, ngapi hunyesha?" Andikeni jibu lake, na kando yake utabiri wa redio, kisha mwandike yaliyotokea. Nanyi mliotutangulia, mlio maofisini na mashambani, fanyeni vivyo hivyo katika kazi zenu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naona kwamba maarifa nayo ni mali.