Kiwanja bei chee Sumbawanga, maharage ya nani?

Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa Dar, kwanza wanacheka, halafu wanakuuliza ulilalaje usiku. Jina lenyewe ndilo limeuponza mji. Wenyeji wanasema maana yake ni "tupa uchawi", yaani mgeni uache madude yako huko nje kabla hujaingia. Mji unasema utupe, watu wanadhani umeokota! Mimi sikurogwa, msomaji wangu. Kilichonitesa ni baridi, maana mji uko juu kwenye nyanda za Ufipa, kama mita 1,800 toka usawa wa bahari, na hata mwezi wa tatu, mvua ikikata jioni, unatafuta koti.

Nilitumwa na shangazi. Kachoka kupanga chumba Dar, pesa yake ya upatu imetimia, akataka kiwanja mahali ambapo mahindi ni ya kumwaga na mtu analala bila feni. Zamani safari ya kutoka Tunduma, kilomita zaidi ya 220, ilikuwa vumbi na matope mtindo mmoja. Sasa ni lami tupu. Lami ilipofika, na madalali wakafika.

Wangu alikuwa kijana mchangamfu, viatu vinang'aa. Kabla hata sijamaliza chai akanieleza kwamba viwanja viko vya namna mbili. Kuna vilivyopimwa, vyenye bikoni na namba, ambavyo ukienda ofisi ya ardhi unaangaliziwa ni vya nani, na hati yake ni ya miaka 33, 66 au 99. (Ardhi yenyewe ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, wewe unapewa haki ya kuitumia. Asiye raia kwa kawaida hapewi, labda kwa uwekezaji.) Halafu kuna shamba la mtu pembezoni mwa mji, linakatwa kwa hatua za miguu, mnaandikiana karatasi, basi. Hilo ndilo bei chee, na huko ndiko alikonipeleka.

Mtaa siutaji. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alitupokea vizuri. Dalali akaanza kuhesabu hatua, 30 kwa 20, huku akisema shamba limelala tu, halina mtu. Mimi macho yangu yako chini. Shamba zima lilikuwa na vichuguu vya udongo vya duara, vimejipanga kama sufuria zilizofunikwa. Wafipa wanaviita ntumba. Wanalima majani, wanayafukia humo yaoze yawe mbolea, juu wanapanda maharage, msimu unaofuata wanavitawanya wapande mahindi au ulezi. Ni kazi ya mgongo haswa. Na maharage yalikuwa yanachanua. Sasa shamba lililolala linachanuaje?

Mara akatokea mama mmoja, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnapima nini hapa?"

Dalali kimya. Mzee akageuka kuitazama milima ya Mbizi kana kwamba imeanza leo kuota.

"Hivi vyote nimevipiga mimi," mama akasema. Hakupiga kelele, aliinama tu akang'oa gugu moja.

Baadaye mzee akanivuta pembeni, eti mambo ya ardhi si ya wanawake. Nikakumbuka hadithi ya kale ya hukohuko Ufipa, ambayo Mwingereza Roy Willis aliiandika vitabuni. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma wakaja wanawake watatu wageni, wakakalia kiti chake. Aliporudi utawala umekwenda, amebakiwa na Milansi yake tu. Milanzi ipo mpaka leo, ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Watu wenye hadithi kama hiyo wanajua vizuri kinachotokea mwenyewe akiwa hayupo!

Sheria nayo haiko upande wa mzee. Sheria za Ardhi namba 4 na namba 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume, na mwenzi aliyetia jasho lake kwenye ardhi ya mwenzake ana haki ndani yake. Karatasi ya mzee peke yake ingemfikisha shangazi yangu barazani, si barazani kwake kunywa chai, bali baraza la ardhi.

Dalali alinikumbusha kwamba kuna mteja mwingine toka Mbeya anakuja kesho. Kila dalali ana mteja wa kesho.

Nikampigia shangazi. Hakuuliza bei imeshuka mpaka wapi. Aliuliza huyo mama ana watoto wangapi, na maharage yamefikia wapi. Nikamwambia yanachanua. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema nitafute kilichopimwa, hata kiwe kidogo, hata kiwe mbali na lami, na hela ya siku zitakazoongezeka nitajua mwenyewe.