Mbwa Aliyechechemea Bila Kidonda

Akina mama wenzetu, wengi wetu hufuga mbwa kwa ajili ya mlango. Analala nje, anakula makombo, anabweka usiku, basi. Lakini siku hizi katika miji yetu watu wamezoea kununua mbwa wakubwa wa kigeni, hasa jeman shepadi, kwa bei ambayo ingetosha kununua mbuzi. Mbwa hawa hukua kwa haraka ya kushangaza. Huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo, na wakitimiza mwaka mmoja wamefika kilo 30 au zaidi. Mtoto wa binadamu huchukua miaka tisa au kumi kufika hapo. Mifupa inayokimbia namna hiyo ina matatizo yake, na sisi tulikutana nayo hapa Morogoro mwezi wa Novemba 2021, mbwa wetu Simba akiwa na umri wa miezi saba.

Alianza kwa mguu wa mbele wa kushoto. Asubuhi moja alitoka bandani akichechemea. Tulimkagua kama tunavyomkagua mtoto aliyetoka kucheza: kucha, nyayo, katikati ya vidole, kiwiko, bega. Hapakuwa na mwiba, jeraha wala uvimbe. Baada ya siku nne alipona mwenyewe, tukashukuru. Wiki iliyofuata alichechemea tena, safari hii mguu wa nyuma wa kulia. Kisha ukafuata mguu wa mbele wa kulia, na pamoja nao akakataa chakula. Mbwa aliyekuwa akipindua sufuria sasa alilaza kidevu sakafuni na kututazama tu.

Kwa kuwa kazi yetu ni uuguzi, hatukuweza kukaa bila kupima. Kipimajoto cha mbwa huwekwa njia ya haja kubwa, na kiwekwe alama ili kisichanganywe na cha watoto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, yaani mtu mwenye joto hilo tungesema ana homa. Simba alikuwa na 40.4.

Majirani walikuja na maelezo yao. Mmoja alisema amepigwa jiwe na wapita njia. Mwingine alisema amelishwa sumu na wezi wanaojiandaa. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu tuliyekosana naye, maana mguu unaohama si ugonjwa wa kawaida. Na dada mmoja wa jumuiya yetu, kwa upendo kabisa, akasema: “Nesi, si umchome diklofenaki moja tu? Unazo hospitalini.”

Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Dawa zetu za maumivu si dawa za mbwa. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo kwa vidonda na kuua figo zake, hata kwa kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kidogo. Parasetamoli nayo huharibu ini na damu yake. Tulimwambia dada yule hapana, naye hakukasirika.

Hofu yetu kubwa usiku ule ilikuwa nyingine. Kila muuguzi wa nchi hii aliyewahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa hawezi kumsahau. Simba alikuwa amechanjwa akiwa na miezi mitatu, na kadi yake ilikuwepo. Hakutokwa na mate, sauti yake haikubadilika, alikunywa maji bila shida na alimjua kila mtu. Hata hivyo tuliwazuia watoto wasilambwe usoni wala mikononi mpaka mambo yaeleweke. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana, au akilambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Baba wa nyumba alingoja watoto walale. “Mama,” akasema, “ada ya bweni ni Januari. Mbwa asiyeweza kusimama atalinda nini? Tumwite bwana mifugo ampumzishe.” Hakusema kwa ukatili. Ni yeye aliyemchagua Simba na kumbeba kwenye koti siku ya kwanza. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini kitinda mimba wetu, mwenye miaka 11, hakuwa amelala. Asubuhi tulimkuta bandani na blanketi lake, na baba yake akamwona pia. Hakuna aliyesema neno. Tulichukua fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya kitenge cha sare ya akina mama wa kanisa, tukaenda kutafuta gari. Bajaji tatu zilikataa kumbeba mbwa. Aliyekubali ni kijana wa pikapu ya mboga, nasi tukakaa nyuma katikati ya matenga ya nyanya hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Daktari hakuanza na sindano. Alianza kwa kuuliza: mguu upi, lini, kwa siku ngapi? Tulikuwa tumeanza kubabaika ndipo mtoto akatoa mfukoni karatasi iliyochanwa kwenye kalenda. Kila siku alikuwa amechora mguu mmoja na kuutia kalamu nyekundu. Daktari aliitazama kwa muda mrefu, akaibandika kwenye faili. Sisi wauguzi tunahimizana kila siku kuandika, na bado aliyeandika alikuwa mtoto.

Kisha alibonyeza mifupa mirefu polepole, katikati yake na si kwenye maungio. Alipofika katikati ya mfupa wa mkono wa juu, Simba alilia kama mtoto mchanga. Alivuta ufizi wake akatuonyesha ulivyokuwa mweupe, akafunua masikio. Ndani kabisa, kwenye mikunjo, kulikuwa na kupe wadogo wa rangi ya kahawia.

Damu ilionyesha upungufu wa chembe zile ndogo zinazosaidia damu kuganda, na vimelea vya homa ya kupe vilivyoenezwa na kupe hao wa mbwa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935. Wakati wa vita vya Vietnam uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, hasa jeman shepadi, kwa kuwa mbwa wa aina hii huumia nao kuliko wengine. Huleta homa, udhaifu, kutokwa damu puani, na mara nyingine maumivu ya miguu.

Lakini picha ya eksirei nayo ilikuwa na lake. Ndani ya mfupa, mahali penye uboho, palikuwa na mawingu meupe. Daktari alieleza kwamba huo ni ugonjwa wa mifupa ya mbwa wakubwa wanaokua, unaowapata zaidi kati ya miezi mitano na 18. Huhama kutoka mguu hadi mguu, huweza kuleta homa na kukataa chakula, kisha huisha wenyewe mbwa akikomaa. Chanzo chake hakijathibitishwa. Basi Simba alikuwa na yote mawili, na daktari alikiri kwamba hawezi kusema mguu upi ulikuwa wa kupe na upi wa mfupa. Tulimpenda kwa kukiri hilo.

Tiba ya kupe ilikuwa doksisaiklini kwa siku 28 mfululizo, pamoja na chakula, na dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya tano alipindua sufuria, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemgombeza.

Tulimuuliza daktari kuhusu unga wa kalsiamu, maana sokoni tulikuwa tumeshauriwa tuununue. Alikataa. Mbwa mkubwa akiwa mchanga hawezi kuzuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa hukua vibaya. Upande wa pili, anayelishwa nyama tupu hupata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mifupa yake hulegea. Ugali na makombo peke yake havitoshi. Alitushauri chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa, kwa kipimo, na tusimnenepeshe. Ni ghali, lazima tuseme. Tulipunguza mambo mengine.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa banda. Kupe huyu wa kahawia hujificha kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, hivyo kumwogesha mbwa na kuacha ukuta ni kazi bure. Baba wa nyumba mwenyewe aliziba nyufa kwa saruji, akapiga dawa na kurudia baada ya wiki mbili. Kupe huvutwa kwa kibano karibu na ngozi, hawapasuliwi kwa vidole.

Simba alichechemea tena mara mbili, Februari na Mei, bila homa. Kila mara mtoto alichora mguu kwenye kalenda, na kila mara uliisha kwa siku chache za kupumzika. Baada ya hapo haukurudi. Sasa ni mbwa mzima wa kilo 36, na wapita njia huvuka upande wa pili wa barabara.

Kitenge tulikinunua mwezi wa nne, dukani kukiwa kumebaki kipande kimoja chenye doa la kutu pindoni. Tunakivaa hivyo hivyo.