Mtoto Anayefungua Redio



Katika nyumba nyingi za pwani yetu hapakosekani kabati, au uvungu wa kitanda, palipokusanyika vitu vilivyokufa: feni isiyozunguka, simu iliyopasuka kioo, redio iliyonyamaza tangu mwaka usiojulikana, kompyuta iliyoachwa na kijana alipomaliza chuo. Hatuvitupi kwa kuwa vilitugharimu fedha, wala hatuvitengenezi kwa kuwa hatujui pa kuanzia. Basi hukaa humo vikimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu apite na mkokoteni wake. Leo tunapenda kuzungumza juu ya vitu hivyo, na juu ya yule mtoto, kwani karibu kila ukoo unaye mmoja, ambaye hawezi kuviona asitafute bisibisi.

Kwetu sisi mtoto huyo ni mpwa wetu, binti wa dada yetu, mwenye umri wa miaka 15. Alianza na saa ya ukutani, akafuatia taa ya kuchaji, kisha kila kilichozimika nyumbani kikawa chake. Ana sanduku la mbao alimotenga misumari ya hesi kwa ukubwa wake, nyaya kwa rangi zake na spika ndogo zilizotolewa katika vinasa sauti vya watu. Mwaka jana mama yake alitujia na mashitaka. "Kaka," alisema, "zungumza na mpwa wako. Nyumba imekuwa karakana, na mimi silali kwa hofu."

Dada yetu alikuwa na hoja tatu, nasi tunaziandika hapa kwa kuwa tumezisikia pia kwa akina mama wengine. Ya kwanza ni hatari. Ya pili ni kupoteza wakati na fedha. Ya tatu aliisema kwa sauti ya chini: hii si kazi ya mtoto wa kike, na majirani wameanza kunong'ona.

Tuanze na hatari, maana ndiyo nzito na mama mwenye kuiogopa hakukosea. Umeme wa ukutani hapa Kenya ni volti 240, nao hauulizi umri wa mtu. Tena kuchomoa waya hakutoshi kila mara, kwani ndani ya vyombo vingi mna kapasita, vijisanduku au vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa. Kapasita ya maikrowevu inaweza kuua, na televisheni za zamani zenye mgongo mnene huweza kubakisha maelfu ya volti ndani yake. Vyombo hivi viwili havifunguliwi nyumbani na mtoto wala na baba yake, na hapo hapana mjadala.

Lakini ulimwengu wa volti ndogo ni mpana. Redio ya betri nne za kawaida hutumia volti 6, na chaja ya simu ya kawaida hutoa volti 5. Katika volti hizo mtoto anaweza kukosea mara mia na asidhurike. Pengine ataunguza taa ndogo, au waya utapata moto, naye atajua kwa nini. Kwa hiyo tulimwekea mpwa wetu mpaka: kinachokula betri ni chako, kinachoingia ukutani si chako mpaka fundi aliyefunzwa awe ameketi karibu. Mama yake aliukubali mpaka huo, naye binti hajauvuka.

Kuna hatari nyingine tatu ambazo watu huzisahau kwa kuuogopa umeme peke yake. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe wala isichajiwe tena, maana huweza kushika moto ghafla; itolewe ndani na ipelekwe kwa fundi. Betri ndogo za duara, zile za saa na za rimoti, zisiachwe mezani penye mtoto mchanga. Akimeza moja ikakwama kooni huanza kuunguza nyama katika muda wa saa mbili, kwa hiyo akimbizwe hospitali papo hapo, isingojwe asubuhi. Na lehemu, ule waya laini unaoyeyushwa kuunganishia nyaya, mara nyingi ina madini ya risasi. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa na wa mbali ubaya wa risasi: wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani kwa ajili ya sumu hiyo iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu. Kazi ya lehemu basi ifanywe dirishani penye upepo, mbali na jiko, mbali na mjamzito na watoto wadogo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Ipo pia lehemu isiyo na risasi, nayo ni bora kwa nyumba yenye watoto.

Sasa hoja ya pili, ya wakati na fedha. Tungeweza kuijibu kwa majina makubwa. Steve Wozniak alikuwa mpenzi wa kuunganisha saketi kabla ya kuunda kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, akasoma vitabu vya maktaba ya kijijini, na mwaka 2002 akasimamisha mtambo wa upepo kwa mabaki ya baiskeli, feni ya trekta na magogo ya mkalitusi, akawasha taa nyumbani kwao. Hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 kwa bei ya dola 35, ilibuniwa kwa sababu walimu wa Cambridge waliona vijana wanaokuja kusoma kompyuta hawakuwahi kuichezea moja kwa mikono yao.

Hata hivyo hatupendi kumwahidi mzazi kwamba mwanawe atakuwa Wozniak. Wengi hawatakuwa. Faida tunayoitaja ni ya karibu zaidi, nasi tuliiona kwa macho yetu.

Mama yetu alifariki mwaka 1996. Katika vitu vya marehemu baba yetu palibaki kaseti moja, ambayo mama aliirekodi mwaka 1984 na kumpelekea baba alipokuwa akifanya kazi Muscat. Wasomaji wa umri wetu watakumbuka: barua ilikuwa kwa mwenye kuandika, na kaseti ilikuwa kwa mwenye hamu ya sauti. Redio kaseti yetu ilikufa zamani. Fundi mmoja alituambia tuitupe, kwani hakuna tena anayeitengeneza. Kaseti ikakaa katika bahasha miaka na miaka, nasi tulikuwa tumeshakata tamaa.

Mpwa wetu aliiomba ile redio. Alifungua hesi sita, moja ikiwa imefichwa ndani ya nafasi ya betri, akaweka betri mpya na kusikiliza. Mota ilizunguka, lakini magurudumu ya kaseti hayakwenda. "Mjomba," alituambia, "haijafa. Mkanda wake ndio uliokufa." Mkanda wa mpira uliokuwa ukiunganisha mota na magurudumu ulikuwa umeyeyuka kwa uzee, umekuwa kama lami. Aliikwangua lami ile kwa kijiti na pamba yenye spiriti, akapima kwa uzi mzunguko wa njia ya mkanda, akapata mkanda wa kipimo kinachokaribiana katika mashine nyingine mbovu. Alisafisha pia kichwa cha kusomea, kilichofunikwa na vumbi la rangi ya kahawia, na akapangusa ukijani uliotambaa juu ya ubao wa saketi. Ukijani huo ni kutu ya shaba, nao ni ada ambayo hewa yetu ya chumvi humtoza kila mwenye chombo cha umeme.

Tulidhani ataitia kaseti ya mama mara moja. Hakufanya hivyo. Alitia kwanza kaseti isiyo na thamani, akaiacha iende mpaka mwisho, pande zote mbili, mara mbili, ili kama mashine inatafuna kanda itafune ile. Kisha akaichukua kaseti ya bibi yake, akaizungusha polepole kwa kalamu kulegeza kanda iliyogandana, ndipo akaiweka.

Sauti ilitoka nyembamba, kisha ikanyooka. Mama alikuwa akimweleza baba kwamba paa linavuja upande wa jikoni na kwamba papa amepanda bei sokoni. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia. Mama akamgeukia, akasema: "Nyamaza mwanangu, baba yako anasikia." Mtoto yule ni dada yetu, yule yule aliyetujia na mashitaka. Alikaa kimya mpaka upande wa kaseti ukaisha, kisha akamwomba binti yake airudishe mwanzo.

Hapo kazi haikuwa imekwisha, kwani kanda ya kaseti nayo ina umri wake. Binti alikuwa na kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, ambayo kila ikiwashwa ilirudi tarehe za miaka iliyopita. Alibadilisha betri ya duara ya volti 3 inayolinda saa ya kompyuta, akapuliza vumbi lililoziba feni, na kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo, akaiwekea mfumo mwepesi wa Linux, ambao hutolewa bure. Kwa waya mmoja kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni hadi kwenye kompyuta, na kwa programu ya bure iitwayo Audacity, aliinakili sauti ile yote. Leo ndugu zetu walio Lamu na walio Oman wanayo katika simu zao. Mkanda wa mpira, pamba na spiriti: hesabuni wenyewe ni shilingi ngapi, kisha mtuambie kama wakati wa mtoto yule ulipotea.

Tumebakiza hoja ya tatu. Katika kitabu chake cha Fihrist, kilichoandikwa Baghdad karne ya 10, Ibn al-Nadim aliwaorodhesha watengenezaji wa astrolabu na ala nyingine za kupimia, na miongoni mwao alimtaja mwanamke, al-Ijliyya, aliyefanya kazi kwa Sayf al-Dawla, mtawala wa Aleppo. Hakumtaja kwa mshangao; alimpanga katika safu ya mafundi wenzake. Katika zama zetu Limor Fried, mhandisi wa Marekani, alianzisha mwaka 2005, akiwa chumbani kwake chuoni MIT, kampuni ya Adafruit, inayouza vifaa vya kujifunzia saketi na kuwafundisha watu namna ya kuviunganisha.

Lakini hatuna haja ya kwenda Aleppo wala Marekani. Tazameni akina mama wetu. Ni nani aliyekuwa akiifungua cherehani, akaitia mafuta, akabadilisha mkanda wake na kurekebisha uzi unaokatika? Ni nani anayeshona kofia kwa sindano nyembamba, tundu kwa tundu, wiki baada ya wiki, bila ya kukosea hesabu ya ua? Mkono unaoweza kuchora hina juu ya kiganja cha bibi arusi usitetemeke, huo ndio mkono unaofaa kushika chuma cha kulehemu. Mafundi tunao majumbani miaka yote. Tuliyekosa ni wa kuwaambia kwamba ni mafundi. Na mama mwenye binti anayejua kufungua simu hahitaji kumwachia mgeni simu yenye picha za familia yake.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, tunapendekeza yafuatayo. Mtengee mtoto meza moja, hata ndogo, penye mwanga na mbali na chakula, ili asifanye kazi kitandani kwa kujificha. Mnunulie bisibisi za kupokezana na mita ya kupimia umeme, ile ya bei nafuu, isiyofikia bei ya viatu vya Idi. Mfundishe kupiga picha kila hatua kabla ya kutoa kitu, na kuziweka hesi katika trei ya mayai kwa mpangilio wa kutolewa kwake. Aanze na kilichokufa kabisa, maana humo hapana cha kuharibu. Atakaposhindwa, msimcheke, mwulizeni ameona nini ndani. Na pale fundi wa mtaani anapotengeneza kitu chenu, mwombeni amruhusu mtoto aketi atazame, mkimlipa na wakati wake.

Dada yetu angali na hofu yake, nasi hatumlaumu. Ile amri ya volti za ukutani ni yeye anayeisimamia kuliko sisi. Lakini meza iliyo chini ya dirisha la ukumbini, iliyokuwa ya maua ya plastiki, sasa ni ya binti. Majirani waliokuwa wakinong'ona wamepunguza, na wiki mbili zilizopita mmoja wao alibisha hodi akiwa na kitu kimefungwa katika kanga. Ilikuwa redio ya marehemu mumewe. Hakuuliza kama ni kazi ya mwanamume au ya mwanamke. Aliuliza kama itapona.

Likizo ya shule inakaribia. Fungueni kabati lile, mtoe kitu kimoja, na mkiweke mbele ya yule mtoto wenu. Wabillahi tawfiq.