Bandeji Ilikuwa Kavu

Mimi ni mama ntilie hapa Rwamgasa, napikia vijana wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Homa ya baridi yabisi ya utotoni iliniharibia moyo, nikawekewa valvu ya chuma pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Mwenye valvu hiyo humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande. Kipimo changu, INR, kinatakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu inaganda kwenye valvu. Kikipanda, unavuja damu.

Tumbo lilinianza chini, upande wa kulia. Duka la dawa wakanipa Flagyl. Hakuna aliyeuliza nameza nini kingine. Kumbe dawa ile huiongezea warfarini nguvu. Fizi zikaanza kutoa damu. Kisha tumbo likakakamaa kama ubao.

Hospitalini Geita walisema kidole tumbo kimepasuka, niwahishwe hospitali ya Bugando, ng'ambo ya ziwa. INR ilikuwa imepita 7. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Sisi tulipita kabla ya hapo. Tukasubiri kivuko.

Nikatapika. Damu. Mume wangu kanishika mkono, hasemi kitu. Nikamuwaza kitinda mimba wangu. Hajaanza hata shule. Nikasema, Bwana, basi. Sikuwa na sala nyingine.

Bugando, wifi yangu alitoa daftari langu la kliniki, limelowa mafuta ya kupikia. Daktari akasoma, akasimama. "Mama, tukikupasua sasa hivi damu haitakatika. Tukichelewa sana, usaha utakumaliza."

Wakanichoma vitamini K kwenye mshipa, wakaniongezea plazima, wakapima tena na tena mpaka INR ikashuka. Shemeji zangu walikwenda kuchangia damu. Mama mkwe alisali rozari pale koridoni, usiku kucha. Ndipo nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka nilipapasa bandeji. Kavu. Nikalia kwa sauti. Baadaye walinichoma heparini, maana valvu nayo isingevumilia kukaa bila dawa, mpaka nikarudishwa kwenye warfarini taratibu.

Mungu ni mwema. Ila hata leo nikipiga mswaki nikaona wekundu, miguu inalegea.

Ndugu yangu unayemeza warfarini, popote unapotibiwa, hata dukani, itaje kabla hujataja maumivu. Na leo usiku mwonyeshe unayeishi naye daftari lako linapokaa.